Nilivyopima Maji Yanayopita Katika Mche wa Parachichi

Ninatunza kitalu cha miche ya parachichi na kahawa karibu na Kasese, magharibi mwa Uganda, na kwa muda mrefu nilitaka kujua mti hunywa maji saa ngapi hasa, kwa sababu wateja huniuliza wamwagilie lini na mimi nilikuwa nikiwajibu kwa mazoea tu. Njia niliyoitumia si yangu: Stephen Hales, kasisi wa Uingereza, aliieleza mwaka 1727 baada ya kupima alizeti iliyooteshwa chunguni. Nilichagua mche wenye majani mapana, nikaumwagilia hadi maji yakachuruzika chini, kisha nikaufunika udongo wote kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki, niliyoikaza kwa uzi shinani, ili maji yasipate njia nyingine ya kutokea isipokuwa majani. Nikauweka juani juu ya mzani wa jikoni, nikawa ninaandika uzito kila saa.

Usiku uzito haukubadilika ila kidogo sana. Jua lilipochomoza na vitundu vya majani kufunguka, mzani ulianza kushuka taratibu, na kati ya saa 5 na saa 8 mchana mche ukapoteza zaidi ya nusu ya maji yote uliyopoteza siku ile. Ndani ya shina hakuna pampu. Jani linapotoa mvuke huyavuta maji yaliyo nyuma yake, na kwa kuwa maji hushikamana, mvuto huo hufika hadi mizizini, kama walivyoeleza wanasayansi Dixon na Joly mwaka 1894.

Kilichonivutia zaidi ni saa 8, majani yalipolegea ilhali udongo ungali umelowa. Mizizi ilikuwa ikileta maji polepole kuliko majani yalivyoyatoa. Jua lilipopungua makali, majani yakasimama yenyewe bila kuongezewa hata tone. Mche wa kutia wasiwasi, kwa maoni yangu, ni ule unaokutwa umelegea alfajiri.

Migomba iliyo kando ya kitalu huonyesha upande wa usiku: udongo ukiwa na unyevu, kunapokucha matone huwa yamejipanga kwenye kingo za majani, tofauti na umande unaotapakaa jani zima, kwani vitundu vimefunga lakini mizizi bado inasukuma maji juu.

Sasa namwagilia asubuhi na mapema, na mteja anayekuja na bodaboda saa 6 mchana namwomba achukue miche jioni. Wapo wanaonuna, hasa wenye safari ya kurudi Bwera, mpakani na Kongo.