Mwaijua Roho ya Mgeni

Somo: Kutoka 23:9

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwaka 1744 kijana wa Kiingereza, John Newton, aliyekuja kutunga wimbo wa "Amazing Grace", alikamatwa na kikosi cha jeshi la majini. Hakuwa amekosa lolote. Vita na Ufaransa ilikuwa mlangoni, manowari zilihitaji watu, na serikali iliruhusu mabaharia wachukuliwe kwa nguvu, bandarini au kwenye meli za biashara zinazorudi, mtu ameshaanza kuiona pwani ya kwao. Wengi waliondoka bila hata kuwaaga wake zao. Huko melini walikula biskuti zenye wadudu na nyama ya chumvi, na sehemu ya mshahara ilizuiwa makusudi ili wasitoroke.

Newton alitoroka hata hivyo, manowari yao, Harwich, ilipokuwa katika bandari ya Plymouth, Uingereza. Wakamrudisha, wakamvua nguo, wakamchapa mijeledi na kumvua cheo kidogo alichokuwa amepewa kwa sababu ya baba yake.

Yakamfika makubwa zaidi. Baadaye, akiwa Afrika Magharibi, aliangukia mikononi mwa mfanyabiashara wa watumwa, akaugua, akanyimwa chakula, akawa anatoka usiku kung'oa mizizi shambani na kuila mibichi. Yeye mwenyewe ameandika kwamba kuna nyakati watumwa waliofungwa minyororo walimletea chakula kwa siri, wakimegea katika posho yao ndogo. Tafadhali msilipite jambo hili haraka. Mtu aliyefungwa, naye ana njaa, anampa mzungu mgonjwa tonge lake, na akionekana ataadhibiwa.

Machi 1748 dhoruba ilikaribia kuizamisha meli aliyopanda, akamlilia Mungu rehema. Tunaipenda sana sehemu hii ya ushuhuda wake, na mahubiri mengi huishia hapo. Lakini kuanzia 1750 hadi 1754 Newton alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Jumapili aliwaongoza mabaharia wake katika ibada, na chini yao, kwenye ngama, tumboni mwa meli, walilala watu wamefungwa pingu. Mwaka 1752, aliposhuku kwamba watumwa wanapanga kuasi, aliwabana wavulana miongoni mwao vidole gumba kwa chuma ili waseme. Akayaandika hayo kwenye kumbukumbu zake za safari kama kazi ya kawaida.

Mjeledi aliujua. Njaa aliijua. Tonge la mfungwa lilikuwa limepita kooni mwake. Bado hakuona.

Ndiyo maana nadhani Mungu hakuwaachia Israeli wajifunze huruma kwa kukumbuka Misri tu. Aliwapa amri: usimwonee mgeni, maana mwaijua roho yake. Kuonewa peke yake hakumlainishi mtu. Wengine hutoka humo wakiwa wamejifunza namna ya kuonea. Tunawaona hata kanisani: aliyekuwa msaidizi wa kazi anayenyanyaswa, leo ana nyumba yake, na binti anayemsaidia hulala wa mwisho na kulipwa akikumbukwa.

Newton aliacha bahari kwa sababu ya ugonjwa, dhamiri ikiwa bado imelala. Ni mwaka 1788, akiwa mchungaji mzee London, alipochapisha maungamo yake hadharani na kukiri kwamba moyo wake sasa unatetemeka kwa biashara aliyoifanya. Miaka 40 baada ya dhoruba ile.

Ee Bwana, tuonyeshe leo aliye chini ya mkono wetu, kabla haijapita miaka 40. Tukumbushe mshahara tuliouchelewesha, na utupe ujasiri wa kumwomba radhi, tukimtaja kwa jina lake, yule tuliyemkosea. Amina.