Majina ya Pwani ya Ireland Daftarini

Nikizitazama ramani za Ireland, ambazo upimaji wake ulianza mwaka 1824 kwa kipimo cha inchi 6 kwa maili 1, huvutwa zaidi na majina kuliko mistari. John O'Donovan, msomi wa lugha ya Kiairishi aliyeajiriwa na wapimaji hao mwaka 1830, alizunguka parokia nyingi, za pwani zikiwamo, akiwauliza wazee waliozungumza Kiairishi wanavyotamka jina la kila kitongoji, kisha akapendekeza tahajia ya kuandikwa kwa Kiingereza. Kwenye ramani hizo "inis", yaani kisiwa, huonekana kama "Inish": sauti imebaki, ila maana imefichika. Kwangu mimi, hazina yenyewe imo katika daftari za majina za upimaji huo, ambamo tahajia mbalimbali za jina moja ziliandikwa pamoja na chanzo cha kila moja.