Mama kauliza bei ya dagaa

Jumamosi nilienda Hampton, Virginia, kuona ule mti wa chuo kikuu chao, Emancipation Oak wanauita, yaani Mwaloni wa Ukombozi, mama akapiga nikamwambia niko chini ya mwaloni, alicheka huyo, "haya, dagaa huko wanauzaje?" Maana kwetu Mwanza mwaloni ni kwenye samaki, huu wa kwenye Biblia nani anaujua.

Mti wenyewe sio mrefu kiviile ila umejitanua, kama mita 30 hivi toka upande huu mpaka ule, matawi mengine yameinama kabisa kama yamechoka. Kibao kipo. Wengi wanafuata habari ya 1863, kwamba watu weusi wa Hampton walikusanyika hapa wakasomewa tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa. Sawa, nikapiga picha.

Ila mimi aliyenikaa kichwani ni Mary Peake. Huyu mama alizaliwa huru, akawa anafundisha watumwa kusoma kwa kujificha maana sheria ya Virginia ilikataza, halafu vita ya wenyewe kwa wenyewe ilivyoanza na watu wakawa wanatoroka mabwana zao kukimbilia ngome ya jeshi la Lincoln, Fort Monroe, hapohapo Hampton, Septemba 1861 akaanza kufundisha waziwazi, na inasemekana darasa lenyewe ndo hiki kivuli. TB inamla, mwishoni anafundisha yuko kitandani. Februari 1862 akafariki. Yaani tangazo lenyewe hakulisikia.

Nikamkumbuka mwalimu wangu wa la pili, tulisomea chini ya mwembe, ubao kauegesha kwenye shina, embe ikidondoka darasa zima tunageuka na yeye anasubiri tu, chaki mkononi, mpaka tujue nani kaiwahi. Ule mwembe walishaukata, pamejengwa choo.

Halafu hiyo Fort Monroe imejengwa Point Comfort, palepale Waafrika wa kwanza wa Virginia waliposhushwa 1619. Walikuwa wametokea Angola, na kwa Kimbundu cha kule mti ni muxi, linatamkwa mushi (ndio, kama wale kina Mushi wa Moshi). Basi nikajikuta nalisema kwa sauti, mti, mushi, mti, mushi, mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake akasimama akaniitikia, alidhani namsalimia.