Kikumbusho cha kila mwaka

Jana usiku simu imelia tena, saa nne na nusu kamili. Alikuwa nayo mtoto wa kaka yangu anacheza gemu, gemu ikafunikwa na maandishi, akayasoma kwa sauti kama yuko darasani: "SINDANO YA MWISHO. MSICHELEWE HATA DAKIKA." Akanigeukia. "Shangazi, unaumwa?"

Nikamwambia hapana, ni kikumbusho cha zamani. "Si ukifute basi," akasema, akarudi kwenye gemu lake.

Huu ni mwaka wa sita. Siku ile nakiandika, badala ya kuchagua kilie mara moja nilibonyeza kila mwaka, nilivyokuwa na kiwewe sikuona, na simu nimeshabadilisha mbili lakini chenyewe kinahama na mimi.

Tulikuwa tunatafuta mtoto kwa IVF, ile ya mayai kutolewa yakakutanishwa na mbegu maabara, na zile siku 11 za mwanzo sizisimulii, waliopitia wanazijua. Sindano kila jioni tumboni, leo kulia kesho kushoto, ultrasaundi siku moja ndiyo siku moja hapana, dokta anataja milimita za vifuko vya mayai nesi anaandika, 14, 16, 18, mpaka namba nikawa naziota. Tumbo likawa na alama nyeusi nyeusi na limevimba suruali haifungi, kazini watu wawili wakanipongeza. Nikasema asante, ningesemaje.

Basi ikafika ile ya mwisho, ya kuivisha mayai. Nesi aliturudia mara tatu: saa nne na nusu usiku, isiwe kabla isiwe baada, kwa sababu mayai yanatolewa saa 36 baadaye, yaani keshokutwa saa nne na nusu asubuhi, mkiwahi sana yanaweza kutoka yenyewe kabla hatujayafikia, mkichelewa tunayakuta hayajakomaa. 

Saa nne na dakika ishirini tuko bafuni. Mimi juu ya mfuniko wa choo, gauni nimelikunja nikalibana kwa kidevu, mume wangu kapiga magoti kwenye vigae na vichupa vyake. Akavunja shingo ya cha maji kwa kitambaa kama tulivyoonyeshwa, akavuta maji, akayaingiza kwenye kichupa cha unga, akazungusha taratibu asitikise, akavuta tena, akatoa sindano nene akaweka nyembamba, akagonga kwa ukucha mapovu yapande juu. Na huyu ni mtu ambaye balbu ikiungua ananiita mimi.

Kunituliza akaanza habari za Louise Brown, alikuwa amezisoma usiku kucha. "Unajua yule mtoto wa kwanza, wa Uingereza, 1978, mama yake hata hizi sindano za kukuza mayai hakuchomwa? Walisubiri yai moja tu la mwezi ule. Moja! Wewe unayo tisa." Nikamwambia tisa ni vifuko, mayai bado hatujayaona, akasema usinikatishe tamaa mimi nimeshika sindano. Tukacheka. Tulikuwa na siku nyingi hatujacheka hivyo.

Dakika ya ishirini na sita simu ikaita. Mama yake.

Simu iko kwenye sinki, ndiyo saa yetu. Akasema iache. Ikakata, ikaita tena. Mkishamjua mama mkwe wangu mnajua na ya tatu inakuja, nikaona bora nipokee yaishe, nikaweka spika maana mkono mmoja una pamba na mwingine umekunja nyama ya tumbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmelala?"

"Bado mama."

Akauliza ya kazini, akanieleza mguu wake, halafu sauti ikashuka, ile ya kufikia lililompigisha simu. Kuna binti huko kwao alikaa miaka saba bila mtoto, sasa amejifungua mapacha. "Na wewe mwanangu usijifungie. Tatizo lako ukilitafutia msaada mapema linatibika."

Alisema lako. Vipimo vyangu vyote vilikuwa safi. Vya mwanawe ndivyo vilivyokuwa na shida, mbegu chache, na hizo chache nyingi haziogelei, ndiyo maana tulikuwa tunafanya ile ya kuchukua mbegu moja wakaichoma ndani ya yai. Anajua mume wangu, najua mimi, anajua dokta. Mimi hakuna aliyenituma kulibeba, mara ya kwanza mtu alipouliza nilinyamaza tu, watu wakachukua ule ukimya kuwa jibu, na miaka minne ikapita hivyo hivyo.

"Sawa mama," nikasema, "nalifuatilia."

Mume wangu akainua uso. Sindano iko juu, mkono hautetemeki kabisa. Mdomo umefunguka kidogo, nikamtikisia kichwa, nikamwonyesha saa kwa macho, bado dakika moja. Je nilikuwa nataka aseme? Hili nimejiuliza kuliko hata habari ya mayai. Nadhani angetamka ningemziba mdomo. Halafu nadhani nilikuwa nangoja atamke. Sijui, labda nilimwonyesha saa ili wote wawili tupate pa kutokea.

Kikumbusho kikalia katikati ya maneno ya mama. "Nini hicho kinalia?" Dawa mama, muda wa dawa. "Haya kunywa mwanangu, kunywa, Mungu akusaidie."

Akachoma. Tukahesabu mpaka kumi akachomoa, tone moja likatoka likateremka, tukalikodolea macho kama ndiyo mtoto mwenyewe huyo anaondoka. Tukampigia nesi wa zamu kwa ajili ya tone, akasema tone si kitu, laleni. Mume wangu hakuinuka. Aliweka paji la uso kwenye goti langu akasema samahani. Nikamjibu wala haijauma.

Yaliyobaki ni hesabu. Mayai 7, yaliyokomaa 5, yaliyoshika mbegu 3, yaliyofika siku ya tano 1, likarudishwa tumboni. Wiki ya kusubiri matiti yakauma nikafurahi, kumbe projesteroni, ile dawa inaufanya mwili ujione mjamzito hata kama hamna kitu. Kipimo cha mimba cha damu kikarudi chini ya 5, na chini ya 5 ni hapana. Tukarudia mara moja nyingine. Tukaacha.

Mama bado ananiuliza tatizo langu limefikia wapi, siku hizi kwa upole kabisa. Kuna mwaka mume wangu alisema atamwambia. Sikumkumbusha.

Jana mtoto aliposoma yale maandishi mume wangu alikuwa jikoni anaosha vyombo. Nilisikia maji yamefungwa. "Shangazi, unaumwa?" Jikoni kimya. Nikasema hapana, ni kikumbusho cha zamani, na maji yakafunguliwa tena.