Jinsi kikundi chetu kilivyopata fungu la ruzuku ya jiji hapa Grand Rapids

Kwa miaka mitatu nilikuwa nasoma barua za watu jikoni kwangu: mikataba ya kupanga, bili za maji, na notisi. Hapa Michigan, mwenye nyumba anayekudai kodi anaweza kukupa notisi ya siku saba kabla ya kukupeleka mahakamani. Barua ikikaa juu ya friji wiki moja ikingoja mtu wa kuisoma, muda umekwisha. Sisi Wakongo ni wengi Grand Rapids, na wengi wetu tumepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, Mbembe na Mfuliiru na Mnyamulenge. Tukaunda kikundi cha watu sita, tukawa tunakaa kanisani Jumapili baada ya ibada kusaidia watu na karatasi zao. Hatukuwa na hela, tulikuwa na muda tu, na muda nao ulikuwa unaisha kwa sababu wote tunafanya kazi za zamu.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa chama cha mtaa wetu. Nilidhani analipwa kwa michango ya wakazi. Akanieleza kwamba sehemu ya mshahara wake inatoka serikali kuu, Washington, kupitia jiji. Inaitwa ruzuku ya maendeleo ya jamii, na wenyewe huitaja kwa herufi nne: CDBG. Sheria yake ni ya 1974, na aliyeitia saini ni Gerald Ford, aliyekulia mji huu huu na kuzikwa hapa kando ya mto. Alikuwa hajatimiza hata wiki mbili madarakani.

Nilikaa na mpango wa mwaka wa jiji wa kutumia fedha hizo usiku tatu. Si siri, mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji hugawa fedha kwa hesabu maalumu: jiji lina watu wangapi, maskini ni wangapi, nyumba zilizojaa kupita kiasi ni ngapi, zilizojengwa kabla ya 1940 ni ngapi. Hesabu hizo ziko za aina mbili, na jiji hupata ile inayoliletea fungu kubwa zaidi. Fedha zikifika, jiji lenyewe linaamua, lakini ndani ya mipaka. Angalau asilimia 70 lazima iwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati. Kuna ukarabati wa nyumba za wenye kipato kidogo, kuna kuondoa rangi yenye madini ya risasi katika nyumba za kabla ya 1978, kuna barabara na viwanja vya watoto. Ruzuku nyingine, iliyoanza 1990 na kuitwa HOME, inasaidia kujenga na kukarabati nyumba za bei nafuu. Nyingine ni ya watu wasio na makazi.

Ila huduma kama yetu, za kumsaidia mtu kwa maneno na karatasi, haziwezi kuzidi asilimia 15 ya ile ruzuku ya kwanza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila mwaka kuna kunyang'anyana. Chakula cha wazee, malezi ya watoto baada ya shule, wanawake waliopigwa, sisi na notisi zetu, wote tunaingia katika fungu hilo moja. Naona ni dogo mno. Nyumba iliyokarabatiwa haimsaidii mtu aliyefukuzwa kwa sababu hakuisoma barua.

Kuomba peke yetu tusingeweza. Kikundi kinachoomba kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, kiwe na hesabu zilizonyooka, bima, na namba ya utambulisho ya serikali kuu. Tulikuwa na daftari moja la kurasa mia. Kwa hiyo tukaenda kwa chama cha mtaa, ambacho kimezoea fedha hizi, tukaomba watuingize ndani ya maombi yao: wao washike mkataba na jiji, sisi tutoe huduma kwa Kiswahili. Wakakubali, kwa sharti kwamba tuache kufanya kazi hii kanisani siku ya Jumapili. Sheria haikatazi kanisa kutoa huduma, lakini fedha za serikali haziruhusiwi kuchanganywa na ibada. Wazee wa kanisa waliumia kidogo. Tukakubaliana iwe Jumanne jioni, katika ukumbi ule ule, na mtu wa dini yoyote aingie. Waislamu wawili walikuja Jumanne ya kwanza, na sijui kama wangekuja Jumapili.

Halafu kikao cha wananchi. Jiji linatakiwa kusikiliza wakazi kabla ya kupitisha mpango, na mpango wenyewe lazima ukae wazi siku 30 kwa maoni. Tulifika ukumbi wa jiji jioni, tukapita kando ya lile sanamu kubwa jekundu la chuma lililobuniwa na mchongaji Alexander Calder, la 1969. Nalo lilisaidiwa na ruzuku ya serikali kuu. Nilikuwa na dakika tatu. Sikusema habari za uhitaji wa jamii yetu kwa jumla, maana kila aliyenitangulia alisema hivyo. Nilisoma notisi moja kwa Kiswahili, sentensi mbili, nikanyamaza kidogo, kisha nikasema: ndivyo majirani zenu wanavyoisikia ya Kiingereza. Maombi yakapita. Fedha zikaanza kuhesabiwa Julai 1, mwaka wa fedha wa jiji unapoanza.

Sasa ikaja kazi ambayo sikuitazamia. Ili ulipwe, lazima uthibitishe unaowahudumia ni kina nani. Kila mtu anajaza fomu: nyumba yenu ina watu wangapi, kipato cha wote ni kiasi gani. Zaidi ya nusu ya wateja wako lazima wawe chini ya asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo hili, na kikomo hicho hupanda kadiri watu wa nyumba wanavyoongezeka.

Bibi mmoja wa kutoka Baraka, kule Kongo, aliandika watu watatu. Nilijua wako saba.

"Shikamoo Bibi. Hapa umeandika watatu."

"Marahaba. Ndiyo, watatu."

"Na wajukuu?"

Akaniangalia muda mrefu. "Mwanangu, unatuhesabu ili nani apunguzwe?"

Kambini kuhesabiwa kulikuwa na maana moja. Ulipanga foleni toka alfajiri, ukaweka vidole kwenye mashine, na asiyekuwepo siku hiyo mgao wake ulikuwa hatarini. Hapa alikuwa na hofu nyingine juu ya ile: mkataba wa nyumba umetaja idadi, na aliamini karatasi yangu itamfikia mwenye nyumba. Alifungua pindo la kitenge akanitolea hati za mishahara ya binti yake na mkwewe, zimekunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama kiberiti. Wote wawili wako kiwandani, na wanapiga saa za ziada. Kwa watu watatu, kipato kile kilikuwa juu ya kikomo. Kwa watu saba kilikuwa chini kabisa. Nikamwonyesha jedwali kwa kidole, mstari kwa mstari, nikamwambia karatasi hii inafungiwa kabatini. Akachukua kalamu, akakata ile tatu mwenyewe.

Toka siku ile sikumpa mtu fomu bila kumweleza kwanza inakwenda wapi. Inachukua dakika ishirini kila mtu, na hazina malipo.

Na malipo yenyewe hayaji mbele. Unatumia kwanza, unapeleka risiti na karatasi za saa za kazi, ndipo unarudishiwa. Ombi letu la kwanza lilirudi kwa sababu yetu: tulikuwa hatujasaini saa za wiki mbili. Miezi miwili tuliendesha kazi kwa fedha za likelemba, huo upatu wetu, na aliyekuwa zamu ya kupokea alikubali kungoja. Hundi ilipofika tulimlipa yeye kwanza.

Kinachoniuma mpaka leo ni mpaka. Fedha za jiji ni za wakazi wa jiji, na Wakongo wengi wako katika miji jirani ya Kentwood na Wyoming, mwendo mfupi kwa basi. Tunawasaidia kwa kujitolea, saa hizo haziingii kwenye fomu. Wyoming nayo ina mpango wake, Kentwood iko ndani ya mpango wa kaunti, na nimeanza kuisoma yote miwili.

Kikao cha mwaka huu Bibi amesema atakuja mwenyewe, na dakika zake tatu anazitaka kwa Kiswahili. Ombi la mkalimani nimeliandika jana.