Tazama ukingo kwanza

Kabati la chini ya sinki nililolitengeneza mwaka juzi limeoza. Katikati ya masika nilifungua mlango wake kutafuta sabuni, nikakuta ubao wa chini umevimba kama andazi na tabaka zake zimeachana. Niliingiza ukucha katikati, ukazama bila nguvu yoyote. Usoni kabati lilikuwa zima, maana nilikuwa nimelipiga rangi ya mafuta mikono miwili. Maji yalipita kwenye ukingo wa nyuma, ule unaogusa ukuta, ambao sikuupaka chochote kwa sababu niliona hakuna atakayeutazama.

Iliniuma sana, maana pesa ya plaiwudi moja kwa mwalimu si pesa ya kupoteza. Na nilikuwa tayari nimemwahidi binti yangu meza ya kusomea. Yuko darasa la sita, na tangu mwaka uanze anaandikia kitandani, mgongo umepinda, daftari limewekwa juu ya mto.

Kabla ya kununua kitu kingine nilichukua kipande cha ule ubao mbovu, nikaenda kwa mzee mmoja seremala hapa mtaani kwetu Soweto, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umeleta maiti?"

Alikipokea, wala hakutazama uso wake. Alikigeuza ubavu, akakisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akapitisha kidole gumba taratibu. Kisha akanionyesha: tabaka la kati lilikuwa na pengo la upana wa kidole, tundu tupu tangu kiwandani. "Plaiwudi inasomwa ubavuni," akasema. "Wewe ulinunua uso."

Nafundisha Sayansi na Teknolojia, kwa hiyo aliponiambia hivyo nilijua anachozungumzia, ila sikuwahi kukitumia dukani. Plaiwudi hutengenezwa kwa kulainisha gogo kwa maji moto au mvuke, kisha kulizungusha mbele ya kisu kirefu mpaka litoe utepe mpana na mwembamba, vilevile muuza machungwa anavyomenya chungwa bila kukata ganda. Tepe hizo hukatwa, hukaushwa, hupakwa gundi na kupangwa moja ikilalia nyingine kwa msalaba. Siri yote iko kwenye huo msalaba. Mbao ikilowa hutanuka kwa upana, lakini kwa urefu wa nyuzi zake karibu haitanuki kabisa. Ukizipishanisha, kila tabaka linamshika jirani yake asisogee. Ndiyo maana kwa kawaida tabaka huwa 3, 5, 7, 9 na kuendelea, namba witiri, ili uso wa mbele na wa nyuma nyuzi zake zielekee upande mmoja na kuvutana sawasawa. Bila hivyo ubao ungejipinda. Nikiwaambia wanafunzi kwamba Waingereza katika Vita Kuu ya Pili walirusha ndege ya kivita, Mosquito, iliyoundwa kwa plaiwudi na mti mwepesi wa balsa, hawaamini. Nawapa kipande wajaribu kukivunja kwa mikono, ndipo wanapoanza kuuliza maswali.

Sasa, gundi ikiachia, msalaba hauna kazi tena. Na maji huifikia gundi kirahisi kupitia ukingoni, kwa sababu hapo ndipo tabaka zote zimeachwa wazi.

Jumamosi iliyofuata nilipita maduka mawili ya vifaa vya ujenzi mjini. Safari hii sikuuliza "ipo nzuri?" Niliomba karatasi za plaiwudi zivutwe nje nikainama kutazama kingo zake zote nne. Nilihesabu tabaka, nikatafuta matundu, nikagonga uso kwa kifundo cha kidole kila mahali nikisikiliza pale sauti inapobadilika na kuwa ya kitu kitupu. Kijana wa duka la kwanza alinihakikishia kwamba yake yote ni "marini", haiogopi maji. Lile kabati langu nalo niliuziwa kwa jina hilohilo, mahali pengine. Nikaomba kipande cha makombo chenye ukubwa wa kiganja. Duka la pili nao wakanipa.

Nyumbani nikavichemsha. Jaribio hili lina maana yake: gundi ya plaiwudi ya nje, ile ya fenoli yenye rangi ya kahawia iliyokolea, imetengenezwa kuhimili hata maji yanayochemka, na ya ndani haihimili. Niliwasha jiko la mkaa uani, si jikoni, kwa sababu gundi ya ndani hutoa hewa ya fomaldehaidi inayowasha macho na koo, na sufuria niliyotumia haitapikiwa tena. Niliweka vipande vitatu: cha duka la kwanza, cha duka la pili, na cha kabati langu nilichokata sehemu iliyokuwa bado nzima. Cha kwangu kilianza kufunguka kabla hata sijamaliza kuosha vyombo, tabaka zikielea moja moja kama kurasa. Cha duka la kwanza kikafuata. Cha duka la pili kiliendelea kuchemka mpaka mkaa ukaisha. Nilikitoa kwa koleo, nikakibana ukingoni nikitafuta pa kuingiza ukucha. Hapakuwepo. Jumatatu jioni nikaenda kununua karatasi moja ya milimita 18, na kijana wa guta akaniletea hadi mlangoni, tumeifunga kamba pande zote maana upepo ukiingia chini ya plaiwudi huinyanyua kama bati.

Karatasi nzima ni sentimita 244 kwa 122. Niliichora kwenye karatasi ya hesabu siku mbili kabla sijaipeleka kwenye mashine, na hapo nataka niseme kwa kirefu kidogo kwa sababu ndipo wengi hupoteza ubao. Nilipasua katikati kwa urefu. Meno ya msumeno hula kama milimita 3, hivyo nilibaki na vipande viwili vya upana wa karibu sentimita 60.8, siyo 61. Kipande cha kwanza kilitoa uso wa meza wa sentimita 120 na ubavu mmoja wa 72. Cha pili kikatoa ubavu wa pili, halafu ubao wa nyuma na rafu. Mbavu nilizipanga nyuzi za uso zisimame wima, kwa sababu upande huo ndio wenye nguvu.

Ubao wa nyuma unakaa katikati ya mbavu mbili. Ukiandika 120 kwa kuwa meza ni 120, umekosea, maana kila ubavu unachukua milimita 18 zake. Ni 120 kutoa 3.6, yaani 116.4. Mwaka juzi nilisahau jambo hilohilo nikalazimika kupiga randa mlango mpaka usiku. Mara hii nilimpa binti yangu hesabu aifanye mwenyewe, akaniletea 118.2. Nikamwambia ahesabu mbavu. Akanyamaza kidogo, akafuta, akaandika jibu sahihi.

Wa nyuma una kimo cha 30, rafu ina kina cha 25, zimeungwa kama herufi L, na L hiyo ndiyo inayozuia meza kuyumba. Ukanda mwembamba uliobaki nikaukata vipande vya kushikia uso kwa chini.

Ukiwa na msumeno wa mkono, uso mzuri uutazamishe juu na ubandike selotepu ya karatasi juu ya mstari. Ukiwa na ule wa umeme wa kushika mkononi, geuza, uso mzuri uwe chini, kwa sababu meno yake hukata yakipanda.

Skrubu inayoingia ukingoni hupasua tabaka kama kabari usipoitangulizia tundu. Nilitumia za urefu wa milimita 50, tundu la milimita 2.5, na sikuweka yoyote karibu na kona. Gundi nyeupe ndiyo inayoshika hasa, skrubu zinaibana tu mpaka ikauke. Sina jiliwa, hivyo uso wa meza niliukandamiza kwa ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji, tukazitoa asubuhi.

Kisha kingo. Nilipunguza gundi kwa maji ikawa nyepesi kama uji wa mtoto, nikaisugua kwa kidole mpaka nyuzi zikaacha kuinywa. Ikakauka, nikapiga msasa, nikarudia. Juu yake praima, halafu rangi ya mafuta mikono miwili. Ukingo wa nyuma nao, na wa chini unaogusa sakafu, ambao ulipata mikono mitatu kwa sababu huku kwetu tunadeki kwa maji mengi. Binti yangu ndiye aliyepaka huo. Alilala kifudifudi uani na brashi ndogo, akawa ananiita kila baada ya dakika nije nione kama kuna mahali pamebaki.

Meza iko chini ya dirisha sasa. Kuna vipande viwili vimebaki, vya karibu nusu mita kila upande, na kimoja kitakuwa ubao mpya wa chini ya sinki. Nimekiegemeza ukutani kikiwa kimepakwa kingo zote nne, nasubiri rangi ikauke vizuri. Huu ni mwezi wa sita, mawingu yameufunika mlima tangu Jumatano, na kila nikikigusa bado kinanata.