Husle, fidil na fidla yetu

Wapenzi wa taarab mpo? Juzi nilikuwa Bautzen, mashariki mwa Ujerumani. Vibao vya barabarani vina majina mawili, la pili ni Budyšin, kwa Kisorbia. Wasorbia ni Waslavi walio wachache humo humo Ujerumani, na lugha yao bado ipo hai. Basi nikamkuta mzee anapiga fidla ya nyuzi tatu, nikamuuliza, hii mnaiitaje? Akasema: husle.

Utamu ni kwamba neno hilo ni la wingi siku zote. Fidla moja tu mkononi, lakini kisarufi ni nyingi, kama sisi na maji. Wacheki nao wana housle, wingi vile vile. Na ile ya nyuzi tatu, sauti yake ni kali kidogo, haibembelezi kama fidla za Unguja. Mimi niliipenda.

Nikamrushia sauti rafiki yangu wa Donegal, Ireland. Kwao ni fidil, karibu kabisa na fidla yetu! Wana veidhlín pia, lakini wapiga muziki wa kienyeji husema fidil. Ila ukisema unapiga fidil inakuwa “ar an bhfidil”: f inaandikwa, haitamkwi, unasikia v tu. Wairishi na tahajia yao, mtihani.

Akanieleza pia kwamba zamani mafundi bati wa Donegal walikuwa wakiunda fidla za bati. Bati kweli! Mwenye rekodi yake anirushie, tafadhali.